Muuzaji Mmoja, Wenye Haki Wengi: Mwongozo wa Mali kwa Wakazi wa Simiyu

Karatasi imechanwa katikati ya daftari la shule. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa MAUZIANO YA SHAMBA, kisha jina la muuzaji, jina la mnunuzi, ekari 6, bei kwa tarakimu na kwa maneno. Mipaka: mashariki safu ya katani, magharibi minyaa, kaskazini njia ya ng'ombe, kusini shamba la marehemu fulani. Chini kuna majina ya mashahidi wanne, alama ya dole gumba lililopakwa wino wa kalamu, na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji uliogongwa upande. Karatasi za namna hii zimo kwenye masanduku ya bati kuanzia Lagangabilili hadi Mwanhuzi, na wenyewe huzilinda kuliko vyeti vya kuzaliwa.

Si karatasi ya kudharauliwa. Mkataba wa kuuza ardhi unatakiwa uwe wa maandishi, na huu umeandikwa. Kasoro yake ni kwamba unajibu swali moja tu: nani kauza na nani kanunua. Hausemi ni nani mwingine alikuwa na haki ya kukataa. Mke wa muuzaji hayumo. Halmashauri ya kijiji haimo. Huyo marehemu wa upande wa kusini ana watoto, nao hawakuitwa kusimama mpakani.

Mali, kwa jicho la sheria, ni haki kadhaa juu ya kitu kimoja: kukitumia, kuvuna matunda yake, kuwazuia wengine, kukiweka rehani, kukiuza, kukirithisha. Haki hizo zinaweza kukaa mikononi mwa watu tofauti kwa wakati mmoja. Ugomvi mwingi wa mali huanzia hapo. Mnunuzi anamlipa mtu mwenye haki ya kulima, akidhani amemlipa mwenye haki ya kuuza. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, swali la "hili ni la nani?" halitoshi. La maana zaidi ni hili: ni nani ambaye ridhaa yake inahitajika?

Ardhi ya kijiji na ya mjini

Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi hupewa haki ya kuimiliki na kuitumia. Sheria zinazobeba jambo hili ni mbili, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Wapo wanaosikia neno "umma" wakadhani serikali inaweza kuchukua shamba la babu bila kulipa. Haiwezi. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliyotokana na migogoro ya mashamba iliyoachwa na Operesheni Vijiji, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Anayeondolewa lazima alipwe fidia ya haki. Kwa watu wa Usukuma, ambako miaka ya 1970 familia nyingi zilihamishwa kutoka kwenye mahame yao na kupangwa vijijini, hukumu hiyo si habari ya mbali.

Sheria inagawa ardhi katika aina tatu, na Simiyu unazikuta zote kwa safari ya nusu siku. Kiwanja kilichopimwa Bariadi mjini ni ardhi ya jumla. Shamba la pamba Itilima ni ardhi ya kijiji. Pori la Akiba Maswa ni ardhi ya hifadhi, na huko hakuna wa kukuuzia hata kipande cha kuchimbia choo. Anayetafuta shamba Meatu au Bariadi vijijini karibu na mpaka wa pori aangalie kwanza ramani ya kijiji kwa ofisa ardhi wa halmashauri, maana maneno ya "mpaka uko kule kwenye mbuyu" hayatamsaidia siku askari wa wanyamapori watakapofika.

Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo huwajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti peke yake si halmashauri, na mwenyekiti wa kitongoji ndiyo kabisa. Muhuri wake unathibitisha kwamba alikuwepo na aliona, basi. Mtu wa nje ya kijiji anayenunua shamba anahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji, na ridhaa hiyo huonekana kwenye muhtasari wa kikao wenye tarehe na sahihi za waliohudhuria. Omba nakala. Na ile "asilimia kumi ya mwenyekiti" inayodaiwa kila mauziano yanapofanyika si kodi iliyowekwa na sheria za ardhi. Ukiambiwa ni lazima, omba stakabadhi ya serikali, uone kama itapatikana.

Hati ya haki miliki ya kimila ndiyo inayotoa jibu zuri zaidi kwa mkulima. Haina ukomo wa miaka kwa mwanakijiji, inaweza kuandikwa kwa majina ya mke na mume, na inakubalika kisheria kuwekwa rehani. Hutolewa pale kijiji kikiwa na cheti cha ardhi ya kijiji na mipaka yake ikiwa imekubalika na vijiji jirani. Mwanakijiji hupeleka maombi kwa halmashauri ya kijiji, wanakuja kupima, majirani wote wanasimama mpakani na kusaini. Hatua ya majirani ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu jirani aliyesaini leo ni shida kukana kesho. Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji pamoja na mwenye shamba, kisha husajiliwa wilayani. Minyaa na katani endeleeni kuzipanda. Lakini minyaa hung'olewa, na mashahidi hufa.

Kuna jambo la Usukuma ambalo wageni hulipita bila kuliona: ngitili. Ukikuta eneo lenye nyasi ndefu na miti michanga katikati ya mashamba, usidhani ni ardhi isiyo na mwenyewe. Limefungwa makusudi ili mifugo ipate malisho kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, uliufufua utaratibu huu. Ngitili nyingine ni ya kaya, nyingine ya kijiji au ya kikundi. Ya kaya inaweza kuuzwa pamoja na shamba. Ya kijiji, mtu mmoja hana uwezo wa kuiuza hata kama ndiye aliyeilinda kwa miaka yote. Uliza imo kwenye sheria ndogo ya kijiji au la, na uulize mbele ya wazee wa eneo.

Mjini mambo ni ya karatasi zaidi. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao yake, mashamba ya pembezoni yamekuwa viwanja. Pale ndipo utakuta mtu anauza kama shamba eneo ambalo tayari limeingizwa kwenye mchoro wa mipango miji, pengine likiwa barabara au uwanja wa shule. Dawa yake ni upekuzi. Unapeleka namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya ardhi, unaambiwa jina lililosajiliwa, kama kuna rehani, kama kuna zuio la mahakama au la mtu anayedai maslahi. Fanya upekuzi huo mwenyewe. Nakala ya hati iliyopigwa fotokopi na dalali haisemi kilichoandikwa kwenye daftari la msajili baada ya hapo.

Uhamisho wa kiwanja chenye hati miliki hujazwa kwenye fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, mbele ya wakili, pamoja na taarifa ya uthamini na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi zisizo na deni. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 na kodi ya faida inayotokana na kuuza, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Mkulima mdogo ajue kwamba sheria ya kodi ya mapato ina msamaha: shamba lenye thamani ya soko isiyofika shilingi milioni 10, lililotumika kwa kilimo walau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, halitozwi kodi hiyo. Wengi hulipishwa kwa kutojua. Wengine hukimbia kusajili kwa kuogopa kodi ambayo hata haiwahusu.

Halafu kuna watu wanaoonyesha risiti ya LUKU, kwa kuwa kodi ya majengo hukatwa humo tangu 2021, wakisema ndiyo ushahidi wa umiliki. Mpangaji naye hununua umeme.

Mke, wajane na mirathi

Hapa ndipo penye machozi, na sitapapita haraka.

Nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema hivyo, na Sheria ya Ardhi inaongeza nguvu. Haijalishi hati ina jina la nani. Benki inalijua hili na humdai mwenzi asaini. Mnunuzi wa kawaida hulisahau, kisha anashangaa kuitwa barazani na mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Kama muuzaji anasema hana mke, au wameachana, aandike kiapo mbele ya wakili. Kama ana wake wawili, hoji nyumba ni ya yupi, na yeye ndiye asaini.

Mchango wa mwanamke hauhesabiwi kwa fedha tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Aliyepalilia pamba kwa misimu kumi na kulea watoto hawezi kuambiwa alikuja na kanga zake aondoke nazo.

Urithi ni mgumu zaidi. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinawapendelea watoto wa kiume, zinamweka binti daraja la mwisho, na kumwacha mjane mwenye watoto bila fungu lake, kwa hoja kwamba watoto watamtunza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Mwanza, alizikataa katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory: mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kwa baba yake ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Wengi walidhani jambo limekwisha. Halikuisha. Wajane wawili kutoka mkoa wa Shinyanga, waliofukuzwa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume kwa kutumia mila ya Kisukuma, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, ila ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe kwenye amri ya mahakama. Wakalipeleka shauri Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao, ikaitaka iwalipe na kurekebisha sheria zake.

Msomaji wa Bariadi afanye nini wakati huo huo? Aandike wosia. Chini ya kanuni hizo hizo za 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Mke au wake waliopo nyumbani nao washuhudie. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Njia ya pili ni kuandika majina mawili kwenye hati ya kimila mapema, wote wakiwa hai. Naiona hii ndiyo kinga bora kuliko hukumu yoyote, kwa sababu haingoji mtu afe.

Na kwa mnunuzi: usinunue mali ya marehemu kwa "mtoto mkubwa" wala kwa kikao cha ukoo. Kikao cha ukoo hupendekeza tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, mara nyingi mahakama ya mwanzo, na msimamizi hupewa barua. Yeye si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi, na anatakiwa arudishe mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi minne. Ikiwa anauza, taka kuona barua yake na ridhaa ya warithi kwa maandishi.

Kilicho chini ya shamba, na kinachopita juu yake

Vilima vya Dutwa na Ngasamo vimejulikana kwa nikeli, na kila uvumi wa mwekezaji ukivuma bei za mashamba hupanda. Ieleweke: madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, yawe chini ya ardhi ya nani. Mwenye shamba hauzi nikeli. Anauza haki yake ya kutumia uso wa ardhi, au kuidai fidia. Kwa upande wa pili, mwenye leseni ya madini hawezi kuingia kwenye nyumba au shamba lililolimwa bila ridhaa ya maandishi ya anayelikalia kihalali. Kila mmoja ana kipande chake.

Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, inapita Malampaka wilayani Maswa, mji ambao reli ya zamani iliupitia tangu enzi ya mkoloni. Mali yako ikichukuliwa kwa mradi wa namna hiyo, fidia si bei ya ardhi tu. Huhesabiwa thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyomo, pamoja na posho ya usumbufu, usafiri, malazi, na upotevu wa faida kwa mwenye biashara. Ikichelewa zaidi ya miezi sita, inatakiwa ilipwe na riba. Siku mthamini anapokuja, kuwepo. Hesabu naye miembe, soma fomu kabla ya kusaini, piga picha fomu na nyumba, andika jina lake. Waliokuwa mnadani siku hiyo ndio hulalamika baadaye.

Mifugo nitaigusa kidogo. Ng'ombe uliyemkabidhi mtu akuchungie si wake, na akimuuza mnadani mnunuzi hapati haki ambayo muuzaji hakuwa nayo. Chapa, hereni na stakabadhi ya mnada ndivyo vitakavyozungumza. Makabidhiano ya kindugu yaandikwe hata kwa mistari miwili, rangi ya ng'ombe na idadi.

Mali isiyoshikika

Mwaka 2018 hadi 2020 Nanenane kitaifa ilifanyika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi. Simiyu ilikuja na bidhaa zake, chaki za Maswa na maziwa ya Meatu zikiwa mbele. Maonesho ni mahali pazuri pa kupata soko na mahali pabaya pa kupoteza ubunifu. Ukigundua kifaa kipya, tuseme cha kuchambua pamba kwa mkono, ukakionyesha hadharani kabla ya kuwasilisha maombi ya hataza BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unaweza kuambiwa si kipya tena. Hataza hulinda kwa muda usiozidi miaka 20, na baada ya hapo yeyote anaweza kukitengeneza.

Alama ya biashara ni kitu kingine. Kusajili jina la biashara BRELA hakukupi alama ya biashara. Ni maombi mawili tofauti, na watu wengi wana cheti cha kwanza wakidhani ni cha pili. Alama hulindwa miaka 7 kwanza, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10, bila kikomo. Chagua jina la kipekee. Jina la mahali peke yake, kama Lamadi au Maswa, ni gumu kulifanya la mtu mmoja, na ndivyo inavyofaa, kwa sababu wauza dagaa wote wa Lamadi wana haki ya kutaja wanakotoka. Usajili wa BRELA hauvuki bahari: Zanzibar ina ofisi yake.

Wimbo hauhitaji kusajiliwa ili uwe mali. Ukishatungwa na kurekodiwa au kuandikwa, hakimiliki ipo, na inaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunarahisisha ushahidi. Ugumu ni kwamba mtunzi wa maneno, mwimbaji na studio iliyorekodi kila mmoja ana haki yake, na wasanii wetu wengi huingia studio kwa mapatano ya mdomo. Andika kabla ya kurekodi nani anamiliki nini na mapato yatagawanywaje. Kibanda kinachojaza nyimbo kwenye flashi kwa mia mbili mia mbili kinauza kitu ambacho si chake, hata kama kila mtu mtaani anafanya hivyo.

Na ngoma za jadi za Wagika na Wagalu, makundi ya wachezaji wa Usukuma? Hizo hazina mtunzi mmoja. Ni za jamii, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inataka anayezitumia kibiashara nje ya desturi yake apate kibali cha BASATA, baraza la sanaa la taifa. Sijaona wengi wakikiomba.

Ugomvi ukitokea

Mgogoro wa ardhi huanzia kwenye baraza la ardhi la kijiji au baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu ya nani mmiliki. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, hutoa cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halikusikilizi, isipokuwa kata imekaa na shauri siku 30 bila kulimaliza. Watu wa Simiyu huanza kwa mtendaji, wakaenda kwa mkuu wa wilaya, wakaandika barua mkoani, na miaka inapita. Barua hizo hazisimamishi muda. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na inayohesabiwa ni miaka yote ambayo mwenzako analima na wewe unaandika barua.

Asiyeweza kulipa wakili anaweza kusaidiwa bure na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anawajua. Nenda na nakala za muhtasari, karatasi ya mauziano, stakabadhi na majina ya majirani walio hai. Za asili ziache nyumbani.